Nani Anachafua Maji ya Pleko

Hapa kwetu Shari, Jumanne, baada ya kula

Kumbe ni mama mukwe!

Mwezi muzima maji ya akwariumu yanakuwa kama uji. Nilibadilisha nusu kila siku mbili, na yale mapya niliyalaza kwanza kwenye beseni ili klorini itoke. Nilisugua chujio mpaka vidole vikachubuka. Lakini pleko wangu, samaki mweusi wa kulamba kioo, akazidi kupanda juu kuhema. Nilijua atakufa.

Leo nimerudi mapema. Nikamukuta mama mukwe amesimama juu ya kiti, anatumbukiza tonge la bukari, ugali wetu, mule ndani. Kubwa kama ngumi!

"Mama, hii samaki inakula kidogo tu," nilisema polepole, maana mama mukwe hagombezwi.

"Najua, mukwe wangu. Lakini maji yake ikichafuka, weye unaimwaga kwa lengalenga zangu, hii mchicha ya nyuma ya nyumba. Ona vile zimenona!"

Ni kweli, zimenifika kiunoni.

Niliapa kubaki na hasira mpaka kesho. Halafu bibi yangu, binti yake, akaleta chakula: bukari na lengalenga.

Pleko anisamehe. Niliomba sahani ya pili.