Mkono Ubavuni

Newala

Kaka Alphonce,

Shikamoo. Mikorosho imechanua, nasi hatujambo.

Ile filamu yako ya Paris isiyo na sauti, unapomwigiza mwigizaji wa Kifaransa wa zamani, tumeitazama kwenye simu yangu. Majirani walipiga makofi, wakikumbuka ulivyoanzia maigizo ya Pasaka kanisani Lukuledi. Mama hakupiga. Aliniambia niirudishe pale unapokohoa umeshika ubavu.

"Anaigiza, Mama," nikamwambia.

"Mwanangu akiigiza ninamjua. Alikohoa hivyohivyo utotoni, tulipomlaza hospitali Masasi."

Tangu hapo Mama hali chakula vizuri. Nami kila nikikupigia hupokei, unaandika tu, "Mzima."

Kaka, safari hii usiandike. Piga, Mama asikie unavyovuta pumzi.

Mdogo wako,
Agatha