Ile Barua Uliyosaini "Mama Yake"

Mama Mkubwa wangu,

Ungekuwepo ungeshasema, "Umeanza mambo yako." Basi niache nianze. Tangu tulipokuzika sijapata kukaa kitako nikazungumza nawe.

Jana nilipita Dixon, mtaa wetu wa zamani huku ughaibuni, jirani na uwanja wa ndege. Ndege bado zinapita juu ya ghorofa letu chini chini, najua vikombe bado vinalia makabatini mwa watu. Unakumbuka ulivyokuwa ukinifundisha hesabu na kipimo shingoni, cherehani mbele yako? "Kiuno inchi thelathini na sita, gawa kwa..." ndege ipite, wewe umenyamaza umetoa macho, kisha, "...nne! Haya, ngapi?" Nikikosea: "Mteja ameshatoka nusu uchi, bibie. Rudia." Nilikuwa nacheka mpaka nashika tumbo. Na mimi ndiye yule mtoto wa miaka tisa ambaye, mama alipofariki, nilikaa shuleni miezi mitatu bila kutamka neno. Walimu wakaniona mgonjwa. Ukawaambia, "Huyu ana majonzi, hana ugonjwa," ukanitoa.

Ukaiandikia bodi ya shule barua kwamba utanisomesha nyumbani. Chini ukasaini jina lako, na pembeni yake: mama yake. Ungeandika nini kingine? Mama kafariki, dada yake mkubwa yupo, basi mama yupo. Kwetu hilo hata halijadiliwi. Huku likazaa kesi.

Baba alikuwa Ottawa na mke mwingine. Alipoiona ile barua akaenda mahakamani: mtoto wangu ametolewa shule kwa saini ya mtu asiye mzazi wake, namtaka nikae naye mwenyewe. Mimi nikapewa wakili wangu, mama mmoja mpole, akaniweka chumba cha peke yetu na biskuti. Akaniuliza kwa Kiingereza, aliyesaini hapa ni nani wako? Nami, mjinga mimi, nikajibu kwa Kiingereza hicho hicho: "Ni anti yangu." Wenzetu neno ni hilo moja tu, shangazi humo, mama mdogo humo, mke wa mjomba humo humo. Sikujua kwamba neno hilo litafikishwa mahakamani na kukuvua umama.

Hakimu akampa baba. Siku ya kuondoka ulinifunga zipu ya koti mpaka kidevuni, ukasema, "Huko shuleni watu ukawajibu. Usininyamazie tena." Kila likizo nilikuja kwako, tukala, tukacheka, na kesi hatukuitaja hata siku moja. Sikujua umenisamehe au unajikaza tu, na ubavu wa kuuliza sikuwa nao. Nimekaa na aibu hiyo miaka kumi na tano. Nilitaka kukuomba radhi hospitali, nikasema kesho, na kesho yenyewe hukuamka.

Wiki iliyopita baba aliniletea faili zima la kesi. Amezeeka, Mama Mkubwa, hata wewe ungemwonea huruma. Akalisukuma mezani, akasema, "Soma majibu ya shemeji, yale ya mwisho. Mimi yananiuma mpaka leo."

Nimeyasoma. Wakili wa baba alikubana: barua inasema mama, mtoto anasema anti, kati yenu nani mwongo? Mkalimani alikuwa amekaa pale pale. Ungewaeleza maana ya mama mkubwa kwa maneno mawili, wangekuelewa, labda ningebaki nawe. Lakini uliogopa kwamba ukishikilia wewe ni mama, mimi niliyesema anti nitaitwa mwongo. Yameandikwa majibu yako: "Mtoto huyu nimemlea mimi, hasemi uongo. Andikeni mwongo ni mimi."

Nimelia, Mama, mpaka jirani kagonga mlango.

Hukudanganya. Mimi ndiye niliyekosea kutafsiri.

Lala salama,

Mwanao