Ndugu wa Damu Langoni

Hamugembe, Bukoba
14 Agosti 1961

Mpendwa Tata,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini Mama hajambo, na kile kifua chako kimeanza kukuachia. Mimi ni mzima, ila nimekonda, na mgongo unaniuma kwa kukaa chini.

Leo ni siku ya ishirini na mbili ya mgomo wetu hapa kiwanda cha kahawa. Nasikia huko mnaambiwa tunashinda tumelewa. Ni uongo. Saa kumi na mbili asubuhi tunaitwa majina langoni, na asiyeitika anafuatwa kwake. Kisha tunakaa barabarani bega kwa bega ili lori lisipite. Zamu ya asubuhi kiongozi ni mimi. Alistidia, mkubwa wa wanawake wanaochambua buni, anatupikia ndizi kwenye pipa lililokatwa. Mvua ikinyesha tunajifunika magunia yale yale tuliyokuwa tukiyajaza. Askari wako ng'ambo ya barabara. Wengine tunasali nao Jumapili, lakini hapa hatusalimiani.

Meneja anatafuta watu wa nje waingie kwenye kazi zetu. Akipata ishirini tu, tumekwisha. Utuombee.

Mwanao,
Datius


Muleba
23 Agosti 1961

Mwanangu Datius,

Pokea salamu zetu sote. Kifua kimetulia, sasa ni magoti. Mama yako anauliza kama unakula, nami nimemwambia unakula, kwa hiyo usinifanye mwongo.

Kahawa yetu imelala ghalani inashika ukungu, na majirani wananitazama kwa jicho baya kwa ajili yako. Wanasema Uhuru umefika mlangoni, mnagombana na nani tena? Mimi najifanya sisikii. Uzee una faida zake.

Nina habari njema. Alikuja baba yako mdogo Mushumbusi, yule tuliyechanjana naye ujanani, kila mmoja akameza buni yenye damu ya mwenzake. Migomba yao imeliwa na wadudu, na mwanawe Karugendo hana kazi. Aliomba nimsaidie. Unajua omukago ulivyo: ndugu wa namna hiyo akiomba, huulizi wala hukatai. Kulikuwa na karani wa kiwanda chenu anapita huku akiandika watu. Ameniapia kwamba ni kazi ya kupakia gatini, haihusiani na ugomvi wenu. Nikampeleka Karugendo kwake mimi mwenyewe. Anaanza Jumatatu. Umpokee kama ndugu yako.

Baba yako


Hamugembe
30 Agosti 1961

Tata,

Salamu. Mwili ni mzima, mengine usiulize.

Barua yako ilifika Jumanne. Lori lilifika Jumatatu. Lilikuja na askari mbele, nasi tukakaa kama kawaida. Juu yake walisimama vijana, na mmoja wao Karugendo. Aliponiona aliita, "Kaka Datius," kwa furaha, maana maskini hakujua anapelekwa wapi.

Tangu utoto umenifundisha kwamba anayemzibia riziki mtoto wa omukago, tumbo lake litavimba mpaka afe. Sikufikiri. Nilisimama nikapisha. Na mimi ndiye kiongozi, kwa hiyo mstari mzima ukasimama na kupisha nami, watu wakidhani ni amri. Lori likapita.

Alistidia hakunitukana. Alichukua sahani yangu akampa mtu mwingine. Tangu jana jina langu haliitwi. Nashinda ng'ambo, upande wa askari, nikiwatazama wenzangu. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jioni zote mbili Karugendo amekuja kwangu akilia. Nimemwambia aache kazi. Anasema baba yake ndiye aliyemtuma na kwao hawana chakula, hawezi kurudi mikono mitupu. Leo walioingia ni kumi na mmoja. Tata, wewe ndiye uliyempeleka. Wewe umtoe.

Datius


Muleba
11 Septemba 1961

Mwanangu,

Salamu za hapa ni chache. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu sikuimaliza.

Karani alinidanganya, lakini mimi nilitaka kudanganywa, maana sikutaka kumwambia Mushumbusi hapana. Nimekwenda kwake nikamwomba amrudishe mwanawe. Akauliza, nimrudishe aje kula nini? Basi nimempa Karugendo sehemu ya chini ya kibanja, kuanzia mtaroni hadi mibuni ya mwisho. Ndiyo, ile niliyokutengea wewe.

Watu wa ukoo wamenijia juu, wanasema ardhi yetu haitolewi nje bila wao kuketi. Baba yako mkubwa hanisalimu. Wewe sikukuuliza kwa sababu nilijua ungekubali, na nisingeweza kukutazama ukikubali.

Mushumbusi amemwandikia mwanawe arudi. Rudi ukakae na wenzako.

Baba yako


Hamugembe
20 Oktoba 1961

Mpendwa Tata,

Mungu awalinde. Naandika nikiwa nimeshiba, Alistidia amepika.

Karugendo aliruka kutoka kwenye lori mbele ya lango, watu wote wakiona, na watano wakamfuata. Kesho yake asubuhi niliitwa jina. Niliitika kabla hawajalimaliza, wakacheka, nami nikakaa mahali pangu.

Juzi, siku ya themanini na saba, Meneja alikubali. Mshahara umepanda, na wanawake wa kuchambua wataandikwa kuwa wafanyakazi wa kudumu. Lakini viongozi wa zamu, sisi watatu, haturudishwi. Wenzetu walitaka kukataa kuingia bila sisi. Nikawaambia waingie, watoto wao wana njaa. Nilisimama pembeni ya lango nikawatazama wanapita.

Sina kazi, na shamba umeligawa. Nina hasira nawe, Tata, na bado natamani kuja kukuona. Nije niishi wapi?

Mwanao,
Datius


Muleba
26 Oktoba 1961

Mwanangu Datius,

Tunakusalimu, na Mama yako ameanza kufagia chumba chako.

Njoo. Kulala utalala, lakini sehemu ya juu iliyobaki hailishi watu watatu. Karugendo ameshapalilia kule chini na kupanda maharage. Mimi siwezi kumwambia neno, kwa kuwa nilitoa. Wewe unaweza. Omukago wetu mmeurithi ninyi. Ukimwomba akurudishie shamba, hawezi kukuuliza wala kukataa.

Mama yako hataki nikuandikie hili, lakini utalikuta hapa ukija. Kwa Mushumbusi wako saba, na wote sasa wanalitegemea shamba lile. Karugendo amesikia unarudi, na anajua unachoweza kumwomba. Tangu juzi hali chakula vizuri, na kila basi likipita anasimama barabarani kutazama kama umeshuka. Ukifika, fikiri kwanza kabla hujamwambia chochote.

Baba yako