Zamu Yako, Baba Watoto

2 Julai

Baba Watoto,

Mimba ilitoka Jumatano, tarehe 19 Juni. Nimelitanguliza hilo kwa sababu kwenye simu unaniwahi na "hamjambo nyote?", nami hujikuta nasema hatujambo.

Sindano ya uzazi wa mpango ilikuwa imenikatia siku zangu. Mimi nikadhani ni utu uzima, miaka arobaini na minane, nimeshakoma. Nikaacha kuchomwa. Ukaja likizo ya Aprili.

Uchungu ulinishika dukani, nyuma ya mashine za kufulia. Lililokuwa karibu ni shuka la mteja. Baadaye nililifua mwenyewe, nikalipiga pasi. Mwenye shuka alilisifu.

Nesi kacheka: "Mama, kwa umri wako, hesabu miaka miwili bila damu ndipo uniambie umekoma." Sindano sirudii, vijiti vilinitesa, vidonge vya zamani presha inavikataa, kondomu unazisahau mfukoni. Kimebaki kitanzi, au wewe ufunge uzazi. Unasemaje?

Mkeo

30 Julai

Mama Watoto,

Salamu tele. Mimi mzima, kazi ya kuchomelea inasonga. Pole sana, ni mipango ya Mungu. Paa la dukani bado linavuja?

Lile jambo ni la kina mama, nesi anajua zaidi. Wenzangu kambini wanasema mwanamume akikatwa, nguvu kwisha. Desemba nakuja, tutaongea.

Mumeo

12 Agosti

Baba Watoto,

Afya ipo, usingizi hakuna. Paa halivuji.

Lile jambo lilikuwa mtoto wako. Nilimsubiri atoke nikiwa peke yangu, na mashine niliziacha zizunguke ili wateja wasinisikie.

Hao wenzako walisomea udaktari kwenye vyuma? Nesi anasema hukatwa njia ya mbegu tu, nguvu haiguswi. Ila ni miezi mitatu na kipimo ndipo uaminike. Desemba ukitoa mitatu ni Septemba, kwa hiyo usiniletee "tutaongea" mlangoni.

Nimeshika zamu hii miaka ishirini na mitatu. Kitanzi nakiweza, nimeweza mengi. Ninachouliza ni kama tuko wawili. Kama hatuko, nitakiweka, na Desemba nitakutandikia chumbani kwa watoto. Shuka safi sikosi.

Nesi ananingoja Ijumaa, tarehe 30, saa nne asubuhi. Kabla ya saa hiyo nataka neno moja kutoka kwako: utafunga, ndiyo au hapana?

Mkeo