Nilifungua Kabureta ya Fundi Wangu Akiwa Kwayani

Mpendwa Shangazi Irene,

Pole na kazi ya kusoma shida zetu, ila hii yangu nakuomba uisome leo leo, maana Jumapili inakaribia na mimi nimejiingiza mwenyewe kwenye jambo ambalo sijui nitatokaje. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, nina miaka thelathini na minane, na nafanya kazi katika gereji moja hapa Durban, upande wa Umbilo, chini ya mzee Mkongomani tunayemwita Papa Baudouin, mtu wa Bukavu, ambaye alinipokea nilipoacha kupakua mizigo bandarini baada ya mgongo kukataa, akanifundisha kazi ya injini kuanzia namna ya kushika bisibisi, na hajanitukana hata siku moja, nasema haya ili ujue simsengenyi mtu mbaya.

Kazi yetu ni magari ya zamani ya Kimarekani, Mustang, Camaro na mengine ya V8, ambayo wenyewe wanayapenda kuliko wake zao, wanaleta kabureta mpya ya midomo minne, tunavua ile kuukuu, tunafunga hii na kuityuni ichanganye petroli na hewa sawasawa, na hapo ndipo Papa alipojipatia jina, kwani hatumii kipimo chochote, anachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, anafumba macho, anazungusha skrubu robo, anairudisha kidogo, na injini inatulia mpaka unasahau kama inawaka. Lakini ana mazoea mengine, Shangazi, kila kabureta mpya kabla hajaifunga anatoa jeti zake, vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupimia petroli, anaweka zenye tundu dogo zaidi, kama alizokuwa anatumia kwenye lori la V8 la parokia ya kwao, halafu zile alizozitoa anazifunga kwenye karatasi, anaandika jina la mwenye gari na kuzitia kwenye kopo la maziwa, maana ni mtu mwaminifu. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Hizi moteur za huku ziko nakunywa mingi sana. Mi nazifundisha adabu." Na kwa miaka hakuna aliyelalamika, kwa kuwa magari haya hutoka Jumapili tu, yanatambaa ufukweni South Beach ili watu wayaone, basi.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Chatsworth, mwalimu mstaafu, alileta Camaro yake ambayo ilikuwa impeleke binti yake harusini Pietermaritzburg, Papa akaifungia kabureta mpya kwa mtindo wake, nikatumwa kuijaribu, nikaipandisha Field's Hill, mlima ulio njia ya Pietermaritzburg, na katikati ya mlima ikaanza kupiga chafya kupitia kabureta, injini inagonga, joto linapanda, nikasimama pembeni ikapoa, nikafungua plagi moja na kuikuta nyeupe kama chaki, yaani petroli haitoshi na pistoni inaweza kutoboka wakati wowote. Nilimwambia Papa, akacheka, "Weye Mutanzania, unakanyaga mbaya. Moteur haiko na shida, shida iko mu mguu yako." Jumamosi mchana akaenda mazoezi ya kwaya, yeye ndiye anayeongoza sauti za besi, na mimi nikafungua lile kopo, nikatafuta karatasi yenye jina la mwalimu, nikarudisha jeti zake, nikapanda mlima ule ule, na gari likapanda kama limepunguziwa mzigo, plagi zikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Sikumwambia mtu.

Harusi ikapita, mwalimu akarudi akamkumbatia Papa, "Eish, Papa, sharp, sharp!", na Papa akanigeukia mbele ya watu wote akasema, "Unaona? Sikio haidanganyake." Sasa mwalimu ametuletea wenzake wa klabu, magari matano yako gereji, Jumapili yanapanda pamoja hadi Pietermaritzburg, yote yamefungwa jeti ndogo, na wiki hii kwaya haina mazoezi. Nikisema nitakuwa nimekiri kwamba nilimwingilia kazi yake nikiwa nyuma ya mgongo wake, nikinyamaza injini tano zitaungua mlimani na jina lake litaungua nazo. Na nisikufiche, kuna kitu kingine kinanisumbua hata nikiwa nakula, nacho ni kutaka kujua, mtu mwenye sikio kama lile anakoseaje jambo moja, kila siku, miaka yote? Na kule kwao zilifanyaje kazi? Nisaidie, Shangazi.

Mwizi wa Jeti, Umbilo

Ndugu Mwizi wa Jeti,

Naanza na swali lako la mwisho, maana hata mimi limenisumbua siku nzima. Kabureta sizijui, najua maharage. Nimezaliwa Mbeya, kule juu kwenye baridi, ambako unainjika maharage asubuhi na mchana bado unayasubiri. Nilipohamia Durban nikayapika kwa muda ule ule, yakawa uji. Nililaumu mbegu, nikalaumu jiko, mpaka nilipoelezwa kwamba kule juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Sasa Bukavu nako ni milimani. Nikampigia fundi mmoja ninayemwamini, bila kukutaja, akasema ndivyo hasa: hewa nyepesi inataka petroli kidogo, hewa nzito ya huku baharini inataka zaidi, na magari yaliyotyuniwa Johannesburg, ambako nako ni juu, huwekewa jeti kubwa zaidi yakija kukaa Durban. Gari likiwa limesimama, zile skrubu za Papa ndizo zinazoamua, kwa hiyo sikio lake linasikia sawa. Jeti zinaingia kazini ukikanyaga mafuta mlimani, na hakuna anayepanda mlima na mpira sikioni. Jeti zake zilikuwa sahihi kabisa kwao. Yeye alihama, hesabu yake haikuhama.

Sasa tuje kwako, na hapa umenikera. Umefungua kazi ya mtu aliyokwisha kuifunga, ukampakia bibi harusi ndani yake. Je, ungesahau kukaza kitu kimoja, petroli ikavuja kwenye injini ya moto? Jina ambalo lingechafuka ni la nani? Unasema ulimwambia. Ulimwambia kwa mdomo, lakini ile plagi nyeupe hujaandika popote kwamba ulimwonyesha. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta hofu, nimeikuta kidogo tu. Nilichokikuta tele ni raha. Siku alipojisifu mbele ya watu, ulinyamaza kwa heshima, au kwa utamu wa kujua peke yako? Jijibu mwenyewe, mimi sitaki jibu.

Fanya hivi. Kesho asubuhi kabla wengine hawajafika mwambie, "Papa, nilifungua kabureta ya mwalimu nikarudisha jeti zake. Nimekosa." Nukta. Usiweke "lakini", na habari ya maharage usiiguse. Mwache afoke mpaka achoke, ni haki yake. Akitulia, mwombe mchukue moja ya yale magari matano mpande nalo mlima ule ule. Aendeshe yeye, wewe ukae pembeni na mguu wako. Likianza kupiga chafya simameni, lipoe, umpe ufunguo wa plagi afungue mwenyewe. Usimweleze rangi, alikuwa anazisoma kabla wewe hujazaliwa kwenye kazi hii. Muulize tu, "Papa, Bukavu iko juu kiasi gani?" Kisha funga mdomo na umwachie nafasi ya kuwaza. Jeti zote mnazo, na majina yake, siku mbili zinawatosha. Akikataa kabisa, wapigie wenye magari simu wasipande, hata kama kazi itaota mbawa. Pistoni ikitoboka kwenye barabara kuu, nyuma kuna malori.

Na usiniandikie tena kwamba unalinda heshima yake. Kila siku unayokaa kimya, unamfanya mtu aliyekufundisha kazi awe mjinga mbele ya macho yako peke yako, na yeye hajui, bado anakuita umfuate ukajifunze. Hiyo ndiyo dharau. Kumwambia amekosea ni kumheshimu, kwa sababu ni kumwamini kwamba bado anaweza kujifunza.

Shangazi Irene