Mafuta ya Kwenye Video Hayakuwa Yetu

Mshauri mpendwa, shikamoo, nisaidie maana nimekwama na msimu wa alizeti umeshaanza. Mimi ni Theodora wa Utemini, nina mashine ya kukamua alizeti aliyoniachia marehemu baba, ambaye alikuwa haiwashi mpaka mwenye mbegu awe amesimama pale aone mafuta yake yakitoka, na sisi watoto tulichovya viazi vitamu kwenye mafuta yale ya moto wateja wakitucheka, na hadi leo nikisikia harufu ya mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, namwona baba na kofia yake iliyolowa. Sasa wateja wamepungua, mdogo wangu Godfrey akasema, “Dada, watu wako kwenye simu,” akatengeneza video ya sekunde thelathini, ina muziki na msichana anayecheza na chupa, na kwa kuwa mafuta yetu yana rangi nzito tukajaza chupa mafuta ya dukani yanayong'aa, nami nikakubali, Mungu anisamehe. Mzee Chediel wa Ikungi, mteja wetu tangu nikiwa mdogo, akaiona, akaja mpaka getini, magunia hakushusha. Akaniuliza, “Mwanangu, haya ya kwenye simu umeyakamua wapi? Baba yako angeniita nitazame.” Akaondoka. Video nimeifuta. Godfrey anataka nyingine fupi ya katuni, mimi nataka ya nusu saa, maisha ya baba na picha zake. Tuchague ipi?

*

Theodora, marahaba. Nilikuonea huruma mpaka kwenye viazi. Kwenye chupa huruma ikaniishia. Uliyaonea aibu mafuta yaliyokusomesha.

Nami nimekulia kwenye foleni ya mashine kama hiyo. Mama alikaa kutwa na ndoo yake, zamu yetu ikifika anainama kwenye bomba kama anayepokea mtoto. Hakuna aliyemwibia, kwa sababu hakuna aliyemfukuza pale. Leo mafundi wa matangazo wanamwambia kila mfanyabiashara kuwa asipocheza haonekani. Muuza majeneza naye acheze? Huo ni uvivu wa kufikiri, na nitaupinga mpaka nizeeke.

Lakini nawe usijifiche nyuma ya marehemu. Video ya nusu saa ni ya kutazama na ndugu zako. Itengenezeni, mlie, muitunze. Mkulima mwenye bando la kuungaunga hataimaliza. Godfrey yuko sahihi kuhusu ufupi, mengine yote amekosea. Mtu aliyeoneshwa mafuta ya uongo unamletea katuni ya nini?

Pigeni video ya tatu: simu isimame wima, mkono utulie, bila muziki, bila kukata. Anza wewe mwenyewe kwa kusema kwamba ile chupa haikuwa na mafuta yenu. Kisha mteja amimine gunia lake, mashine ipige kelele zake, mafuta yatoke na povu lake, ayaonje, aseme analotaka, hata akilalamikia bei. Dakika mbili zinatosha.

Ila kwanza nendeni Ikungi, wewe na Godfrey, simu mziache nyumbani. Mwambieni Mzee Chediel mlichofanya. Usimwombe aonekane kwenye video yoyote. Mwombe msamaha tu. Asiporudi, ile ya dakika mbili itengeneze hata hivyo, maana wako wengi walioiona ile chupa na hawatakuja getini kukuuliza.