Unyevunyevu wa Hedifoni

Shoga, nataka kutapika. Nimejifungia bafuni, nasugua sikio kwa sabuni.

Unakumbuka zile hedifoni zangu za kutumbukiza masikioni? Nilizolalamika wiki nzima kuwa zinabana, sauti kama mtu anaongea ndani ya mtungi, na kila asubuhi zina unyevunyevu? Ukaniambia ni jasho, nitazoea.

Nikazoea, shoga! Wiki nzima!

Sasa hivi nimeingia sebuleni, namkuta baba mkwe kashika simu yake asikilize habari, hedifoni yangu iko mdomoni. MDOMONI! Anainyonya kama pipi.

"Baba, vipi tena?"

Akanijibu kwa upole kabisa: "Hizi haziingii kavu, mwanangu. Mimi kila alfajiri natia mate kidogo, zinateleza zenyewe."

Mate kidogo. Kila alfajiri. Kinyaa kilinipanda hadi utosini.

Mume wangu katazama ukuta, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Mzee akaichomoa, akaninyooshea: "Shika, mama. Nimeshakulainishia."

Na mimi, mkwe mwenye adabu zangu, nikasema, "Ahsante, baba." Nikaitumbukiza sikioni.

Ilikuwa bado ina joto.